Shingo Upande, Kisogo Bapa

Wengi mmezoea kunisoma hapa nikichambua siasa na kero za jiji. Leo naomba mniruhusu nizungumzie vichwa vya watoto wachanga. Ndiyo, vichwa. Na kabla hujabofya kwenda kwingine, nikuhakikishie kwamba siasa imo, utumwa umo, ukoloni umo, na umo pia ushauri wa wataalamu uliogharimu maisha ya maelfu ya watoto huku kila mtu akiamini anafanya jambo jema.

Kisa chenyewe ni binti yangu. Kwa Kiswahili tunasema fulani amekubali "shingo upande", yaani amekubali lakini moyo hautaki. Binti yangu alikuja duniani shingo upande kwa maana halisi ya maneno hayo. Kichwa kiliinamia kulia, kidevu kikaelekea kushoto, na kila ukimlaza anatazama kushoto, awepo mama yake upande huo au asiwepo. Alipofikisha wiki kumi, kisogo chake upande wa kushoto kilikuwa kimebonyea kama chungwa lililokaa chini kabisa ya tenga. Sikio la upande huo nalo likawa limesogea mbele kidogo.

Daktari akatupa majina mawili. La shingo ni totikolisi, neno la asili ya Kilatini lenye maana ya shingo iliyopinda. La kichwa ni plagiosefali, la asili ya Kigiriki, na tafsiri yake nzuri kwa Kiswahili ni kichwa cha mshazari. La pili lilizaliwa na la kwanza: msuli wa shingo ulikaza, mtoto akashindwa kugeuka, akawa analalia sehemu moja ya kichwa usiku na mchana, na sehemu hiyo ikabapa.

Sasa nyumbani kwetu kila mtu alikuwa na dawa yake. Mama yangu, aliyekuja kumsaidia mzazi, alisema, "Mwanangu, mlaze kifudifudi huyu. Mbona ninyi tuliwalaza hivyo na vichwa vyenu vimekaa sawa?" Jirani akashauri kichwa kikandwe kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu. Shemeji yangu aliyeko ughaibuni akatuma picha za watoto waliovishwa helmeti za plastiki zenye maua. Na katika zahanati moja, ambayo sitaitaja, muuguzi alitwambia tuache tu, "atakua". Maoni manne, mtoto mmoja. Nikafanya kile ninacholipwa kukifanya: nikaanza kuchimba.

Tuanze na kichwa chenyewe. Fuvu la mtoto mchanga si mfupa mmoja. Ni vipande kadhaa vilivyounganishwa na mishono laini, na ndiyo maana unaona utosi ukicheza. Mungu kaupanga hivyo, au maumbile, chagua mwenyewe, ili kichwa kiweze kupita kwenye njia ya uzazi na kisha ubongo upate nafasi ya kukua. Na unakua kwelikweli: katika mwaka wa kwanza ubongo huongezeka takriban mara mbili, na mzunguko wa kichwa huongezeka kwa sentimita kama 12. Ubongo ndio unaosukuma mifupa nje. Ukikuta sehemu moja imezuiwa, na godoro, au kamba, au ubao, husukuma kule kulikobaki wazi. Wahenga walisema udongo upate ungali maji. Hawakuwa wakizungumzia fuvu, lakini wangeweza.

Siri hii binadamu aliigundua zamani sana. Katika kitabu kinachohusishwa na Hippocrates wa Ugiriki, cha kama miaka 2,400 iliyopita, kuna habari za watu walioitwa Makrosefali, yaani wenye vichwa virefu. Inaelezwa kwamba waliwafinyanga watoto wao vichwa kwa mikono na vitambaa mara tu walipozaliwa, kwa sababu kichwa kirefu kilikuwa alama ya ubora. Huko Peru, kwenye makaburi ya Paracas, yamefukuliwa mafuvu marefu ya zaidi ya miaka 2,000. Wamaya wa Amerika ya Kati walilaza paji la uso kwa mbao. Na Ulaya haikubaki nyuma: katika sehemu za Ufaransa, hasa eneo la Toulouse, watoto walifungwa vitambaa vilivyokaza kichwa hadi kikaota mkunjo, na desturi hiyo ilidumu hadi mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1834 daktari wa Kifaransa, Achille Foville, alikuwa tayari ameandika kuishutumu.

Kisa kilichonishika zaidi ni cha Wachinook, wenyeji wa sehemu ya chini ya mto Columbia, kaskazini magharibi ya Marekani ya leo. Mtoto alifungwa kwenye kitanda cha mbao, na ubao mwingine ukawekwa kwa mshazari juu ya paji la uso. Baada ya miezi kadhaa kichwa kilikuwa kimelala bapa kuanzia nyusi hadi utosini. Wasafiri Lewis na Clark walipofika huko mwaka 1805 walishangaa, na Clark akachora michoro. Lakini kwa Wachinook kichwa bapa kilikuwa kitambulisho cha muungwana. Watumwa hawakuruhusiwa kuwabapa watoto wao. Ukimwona mtu mwenye kichwa cha mviringo, umejua nafasi yake katika jamii kabla hajafungua mdomo. Fikiria hilo kidogo. Kisogo kilichotunyima usingizi mimi na mke wangu, kuna mahali ambapo kingekuwa fahari ya ukoo, na kichwa cha duara ndicho kingetoa machozi.

Karibu na kwetu, wapo Wamangbetu wa kaskazini mashariki ya Kongo. Wao walizungushia kichwa cha mtoto kamba au vitambaa hadi kikarefuka kwenda nyuma na juu, na wanawake wakakirefusha zaidi kwa mitindo ya nywele. Mwaka 1924 na 1925 kampuni ya magari ya Citroën ilituma msafara kukatisha Afrika kutokea Algeria. Msafara huo ulipofika Kampala uligawanyika, na kundi moja likashukia Mombasa, jingine hapa Dar es Salaam. Kabla ya hapo, walipopita Kongo, walimpiga picha Nobosudru, mke wa chifu wa Kimangbetu, akionekana ubavuni na kichwa chake kirefu. Picha ile ilizunguka Ulaya nzima na kuwa pambo la Wazungu. Kufikia miaka ya 1950 desturi yenyewe ilikuwa imeanza kufifia chini ya utawala wa Wabelgiji. Kichwa kilekile, ukiwa Uele ni heshima, ukiwa Paris ni kioja cha kutazamwa.

Hapo ndipo tunafika kwenye sura chafu kidogo. Katika miaka ya 1840 msomi wa Sweden, Anders Retzius, alibuni kipimo rahisi: chukua upana wa kichwa, gawanya kwa urefu wake, zidisha kwa mia. Kipimo hicho kikageuzwa mzani wa kuwapanga binadamu katika makundi ya "mbari", nani yuko juu na nani yuko chini. Ili kupima ukahitaji mafuvu, na wakoloni waliyachukua. Kutoka Afrika Mashariki ya Wajerumani yalisafirishwa mafuvu kwa makasha hadi Berlin. Mwaka 2023 makumbusho ya huko yalitangaza kwamba, baada ya kuchunguza zaidi ya mafuvu 1,100, wamepata ndugu walio hai nchini Tanzania wa baadhi ya marehemu, wakiwamo Wachaga wa Kilimanjaro. Familia ya Mangi Meli, aliyenyongwa Moshi Machi 2, 1900, imekuwa ikikitafuta kichwa cha babu yao kwa miongo mingi.

Aliyeutikisa mzani huo ni Franz Boas, mwanaanthropolojia aliyefanya kazi New York. Mwaka 1911 alichapisha matokeo ya kupima maelfu ya wahamiaji kutoka Ulaya na watoto wao, na akaonesha kwamba watoto waliozaliwa Marekani walikuwa na vipimo vya kichwa tofauti na vya wazazi wao. Kama kichwa kinabadilika kwa kubadili mazingira, basi si muhuri wa damu. Ajabu ni kwamba kipimo kilekile cha Retzius bado kinatumika hospitalini. Daktari anayepima kichwa kilichobapa nyuma anagawanya upana kwa urefu, vilevile. Tofauti ni kwamba sasa anakitumia kumsaidia mtoto.

Sasa turudi kwenye hoja ya mama yangu, maana ndiyo iliyokuwa na uzito kuliko zote: mlaze kifudifudi.

Msidhani wazo hilo ni la vijijini tu, au ni la kizamani. Lilikuwa ushauri rasmi wa wataalamu wakubwa wa nchi tajiri kwa zaidi ya miaka 30. Dk. Benjamin Spock wa Marekani alitoa kitabu chake cha malezi mwaka 1946, na hadi anafariki mwaka 1998 kilikuwa kimeuza nakala zinazokadiriwa kufikia milioni 50. Katika matoleo ya miaka ya 1950 alianza kuwashauri wazazi wamzoeshe mtoto kulala kifudifudi. Alitaja sababu mbili. Ya kwanza, mtoto akilala chali na kutapika anaweza kupaliwa. Ya pili, na hapa ndipo niliposimama nikasoma mara tatu, mtoto anayelala chali hupenda kugeuzia kichwa upande mmoja, na upande huo unaweza kubapa.

Mmeona? Hofu ya kisogo bapa ilikuwa mojawapo ya sababu mbili za kumgeuza mtoto. Tena hofu yenyewe haikuwa ya uongo. Ni kweli kichwa hubapa. Wa kwangu ni ushahidi. Hospitali nazo zilikuwa zimeona kwamba watoto njiti walio kwenye uangalizi hupumua vizuri zaidi wakiwa kifudifudi, na wauguzi wakabeba desturi hiyo hadi kwa watoto wazima wanaorudi nyumbani. Kila kipande cha hoja kilionekana cha busara.

Wakati huohuo watoto walikuwa wanakufa. Mtoto mwenye afya, amenyonya, amelazwa, asubuhi amekutwa hana uhai. Hakuna homa, hakuna kikohozi, uchunguzi wa maiti hauoneshi kitu. Waingereza waliviita vifo vya kitandani. Dalili za sababu zilikuwepo mapema: mwaka 1944 daktari Harold Abramson wa New York aliandika kwamba watoto wengi waliodhaniwa kukosa hewa walikutwa wamelala kifudifudi. Makala yake ikabaki kabatini. Uholanzi, ambako kulala kifudifudi kulihimizwa kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1970, vifo vya ghafla vikapanda. Mwaka 1987 madaktari wa huko walitoka hadharani kuwaambia wazazi waache, na vifo vikashuka.

New Zealand, iliyokuwa na viwango vya juu kuliko nchi nyingi, ilifanya utafiti mkubwa kati ya 1987 na 1990. Mambo matatu yakajitokeza ambayo mzazi anaweza kuyabadilisha: kumlaza mtoto kifudifudi, kuvuta sigara, na kutomnyonyesha. Uingereza nako, Profesa Peter Fleming na wenzake wa Bristol walichapisha matokeo yanayofanana mwaka 1990. Julai 1991 mtangazaji maarufu wa televisheni, Anne Diamond, alimpoteza mwanawe Sebastian kwa namna hiyohiyo. Badala ya kujifungia na majonzi yake, alikwenda New Zealand kuona walichofanya, akarudi na kuisakama serikali yake hadi Desemba mwaka huo kampeni ya kuwalaza watoto chali ikazinduliwa, naye akitokea kwenye televisheni kuwaomba wazazi. Kama mwanahabari nakiri hilo lilinigusa. Kuna nyakati kazi yetu hii ina maana.

Marekani ikafuata. Chama cha madaktari wa watoto kilitoa ushauri mwaka 1992, na kampeni ya kitaifa ikaanza 1994. Mwaka 1992 watoto kama 70 katika kila 100 nchini humo walilazwa kifudifudi. Miaka kumi baadaye walikuwa wamepungua hadi chini ya 20. Vifo vya ghafla vilishuka kutoka takriban 1.2 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai hadi karibu nusu ya hapo. Hakikuvumbuliwa kidonge. Hapakuwa na chanjo. Ni mtoto kugeuzwa tu.

Mwaka 2005 watafiti wa Uingereza wakiongozwa na Ruth Gilbert walirudi nyuma kukusanya tafiti zote, wakajiuliza swali moja: ni lini tulikuwa na ushahidi wa kutosha? Jibu lao linauma. Kufikia mwaka 1970 ushahidi ulikuwepo tayari, ila hakuna aliyeukusanya mahali pamoja. Kwa makadirio yao, ungekusanywa mapema, vifo zaidi ya 10,000 vingeweza kuepukwa Uingereza pekee, na visivyopungua 50,000 Ulaya, Marekani, Australia na New Zealand. Na kuna vitabu vya malezi vilivyoendelea kushauri kulala kifudifudi hadi mwaka 1988. Waandishi wake hawakuwa wauaji. Walikuwa watu wema waliorudia walichoambiwa na watu wema wengine.

Mwezi niliosoma habari hiyo ndipo nilipokaa na mama. Sikumwambia "mama umekosea", maana hajakosea. Alitulea alivyoelekezwa na wakubwa zake, na wakubwa wa dunia nzima walikuwa wanasema vivyo hivyo. Nilimsimulia tu, kama hadithi ya jioni, habari za Uholanzi na New Zealand na yule mtangazaji. Alinyamaza kwa muda. Kisha akasema, "Basi usiku alale chali. Lakini kichwa mtafanyaje?" Alikubali, wadau, shingo upande. Na swali lake lilikuwa la haki.

Kwa sababu kichwa kilirudi na deni lake. Mara tu watoto walipoanza kulala chali, kuanzia 1992 kuendelea, kliniki za upasuaji wa fuvu Marekani zilianza kupokea vichwa bapa kwa wingi ambao hazijawahi kuuona. Mwanzoni madaktari wengine walidhani ni ugonjwa ambao mishono ya fuvu hufunga kabla ya wakati, na kuna watoto waliopasuliwa bila kuhitaji. Baadaye ndipo ilipothibitika kwamba mishono iko wazi, tatizo ni mkandamizo tu. Mwaka 2013 ulitoka utafiti wa Calgary, Kanada, uliowapima watoto 440 wenye umri wa wiki 7 hadi 12. Watoto 205, karibu nusu, walikuwa na ubapa wa kiwango fulani, wengi wao kidogo tu.

Palipo na hofu hapakosi biashara. Helmeti za kurekebisha kichwa zilielezwa kitaalamu mwaka 1979 na daktari Sterling Clarren wa Seattle, aliyezitumia kwa watoto wenye vichwa vya mshazari na totikolisi. Wazo ni lilelile la Wachinook lakini kwa kinyume: acha nafasi pale palipobonyea, zuia palipotokeza, ubongo utasukuma wenyewe. Mwaka 1998 mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani iliziwekea utaratibu rasmi, na zikaenea. Huko zinagharimu maelfu ya dola, na mtoto huvaa karibu saa 23 kwa siku kwa miezi.

Zinasaidia? Mwaka 2014 Waholanzi walifanya kilichotakiwa kufanywa siku nyingi: waliwachukua watoto 84 wa miezi mitano hadi sita wenye ubapa wa wastani hadi mkubwa, wakapiga kura nani avae helmeti na nani asivae, kisha wakawapima wakiwa na miaka miwili. Waliopona kabisa kati ya waliovaa walikuwa asilimia 26. Kati ya wasiovaa, asilimia 23. Yaani hakuna tofauti ya maana. Wazazi wote wa kundi la helmeti waliripoti madhara: vipele, jasho, harufu, maumivu, na wengine kuona wamezuiwa kumkumbatia mtoto wao wanavyotaka. Nilimtumia shemeji takwimu hizo kwa heshima zote. Lakini lazima niwe mkweli kwa wasomaji: utafiti ule haukuwahusisha watoto wenye totikolisi. Watoto kama wa kwangu waliachwa nje. Kwa hiyo haunipi ruhusa ya kukaa na kusubiri kichwa kijirekebishe, na pale zahanati walipotwambia "atakua", jibu lilikuwa nusu tu.

Nusu iliyobaki ni shingo. Na hapa historia inafurahisha, maana shingo iliyopinda imewahi kuwa hata fasheni. Plutarch aliandika kwamba Aleksanda Mkuu alikuwa na shingo iliyoinama kidogo kushoto, na kwamba marafiki na warithi wake walipenda kumuiga. Madaktari wamebishana hadi leo kama ilikuwa totikolisi au ni madaha tu.

Kwa wasio wafalme, haikuwa mzaha. Mmeshaona ule mchoro wa Rembrandt wa mwaka 1632, daktari akiwafundisha wenzake kwa kupasua mkono wa maiti? Daktari yule ni Nicolaes Tulp wa Amsterdam. Katika kitabu chake cha mwaka 1641 alisimulia upasuaji wa kijana wa miaka 12 mwenye shingo iliyopinda, uliofanywa na mpasuaji Isaac Minnius: msuli ulikatwa ili kichwa kinyooke. Hakuna nusukaputi, hakuna dawa za kuua vijidudu. Ilikuwa hadi mwaka 1822 ndipo Guillaume Dupuytren wa Paris alipoukata msuli huo kwa kupitisha kisu chembamba chini ya ngozi, kupunguza kidonda. Kwa karne nyingi njia ya kutibu shingo hii ilikuwa ni kusubiri mtoto akue, kisha kisu.

Leo hali ni tofauti kabisa, na sababu si mashine mpya. Ni kuwahi. Msuli wenyewe huanzia nyuma ya sikio na kushuka hadi kwenye mtulinga na kidari. Ukikaza upande wa kulia, kichwa huinamia kulia na kidevu hugeukia kushoto, kama wa binti yangu. Watoto wengi mno wanaoanza mazoezi ya kunyoosha shingo wakiwa wadogo, hasa kabla ya miezi mitatu, hupona bila kisu. Wale wanaoanza ndani ya mwezi wa kwanza hupona upesi zaidi, ndani ya wiki chache. Wanaocheleweshwa hadi karibu mwaka huchukua muda mrefu na baadhi huishia kwenye upasuaji. Kwa hiyo "atakua" ni ushauri unaoweza kufaa kwa kisogo kidogo kilichobapa, lakini kwa shingo ni hasara tupu. Kinachokimbizana na saa ni shingo.

Tulipompata mtaalamu wa fiziotherapia, kazi aliyotupa haikuhitaji kifaa chochote. Alitufundisha kumgeuza kichwa taratibu kuelekea upande usiopenda, kila tunapombadilisha nepi, bila kulazimisha. Tukambadilishia upande wa kulala, miguu kule kulikokuwa na kichwa, ili vitu vinavyomvutia viwe kulia kwake. Kunyonya, kuongea naye, njuga, vyote vikahamia kulia. Na kila siku akiwa macho alilala kifudifudi juu ya kifua changu au kwenye mkeka, dakika mbili tatu kwanza, kisha zaidi. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilipendekeza angalau nusu saa kwa siku, kwa vipande vipande, kwa mtoto ambaye bado hatambai. Mama alipoliona hilo alicheka: "Si nilisema kifudifudi?" Ndiyo mama, ulisema. Mchana, akiwa macho, na mtu akimwangalia. Usiku, chali.

Na mgongoni pia. Mtoto anayebebwa vizuri hana godoro linalomkandamiza kisogo, na shingo inafanya kazi. Hapo bibi zetu walikuwa sahihi bila kusoma makala hata moja. Kukanda kichwa tu ndiko tulikokuacha: mkono wa dakika tano haushindani na ubongo unaosukuma usiku kucha, na ukikandamiza kwa nguvu unamuumiza mtoto bure.

Msomaji mwenye kichanga, chukua haya kabla hujaondoka. Kama anatazama upande mmoja tu, au umeshika uvimbe mgumu kwenye msuli wa shingo, nenda kamuone daktari wiki hii, usingoje kliniki ya mwezi ujao, na ukiambiwa "atakua" uliza habari za mazoezi ya shingo. Kama ukipapasa fuvu unakuta mshono umeota kama ukuta mgumu, au kichwa kimeacha kukua, au utosi umevimba, hilo si suala la kulala, linahitaji kupimwa haraka. Lakini kama ni ubapa tu kwa mtoto anayegeuka pande zote na anayechangamka, mbadilishie pande, mlaze kwa tumbo akiwa macho, na umpe muda.

Binti yangu sasa ana miezi minane. Anageuka kulia na kushoto, hasa kushoto kukiwa na rimoti ya televisheni. Kisogo bado kina ubapa kidogo ukikitazama kwa juu, na nywele zinaanza kuuficha. Shangazi zake wakija humpapasa kichwa na kuguna. Huwa nawaacha wagune, kisha nawaeleza kwa nini analala chali, na kwa nini itaendelea kuwa hivyo hadi aweze kujigeuza mwenyewe. Wengine wana wajukuu nyumbani. Naamini hadithi inafika.

Tukutane tena juma lijalo, nikirudi kwenye kero za jiji.